Mfuko wa Ndani wa Joho Jekundu

Kabla hamjakata kitambaa cha mtu, mwambieni akae, kisha apige magoti, kisha ainuke. Najua darasani mnafundishwa kumsimamisha mteja wima mbele ya kioo na kumpima hivyo. Si vibaya. Lakini hakuna mtu anayeshinda amesimama wima mbele ya kioo. Watu huketi, huinama, hupanda ngazi, huchuchumaa kutafuta kiatu chini ya kitanda, na nguo iliyoshonwa vizuri inayajua hayo yote. Mimi nilifundishwa jambo hili na mwanamke ambaye hakuwa fundi kabisa, akiwa amepiga magoti juu ya mto tulioujaza vipande vya vitambaa, katika karakana moja katikati ya London.

Dada Upendo anayewafundisha Jumamosi hapa Walthamstow ameniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi yangu, kwa sababu aliwahi kuwaambia kwamba nilishona nguo za bungeni nanyi mkadhani anatania. Ameniambia niandike kwa Kiswahili, na asiyeelewa neno amuulize mama yake. Vizuri. Mama zenu watafurahi kuulizwa.

Hakuwa anatania. Nilishona majoho.

Niwaeleze polepole, maana wengi mmezaliwa hapa lakini mambo haya hamyatazami. Bunge la nchi hii lina mabaraza mawili. Baraza la chini wanakaa wale tunaowapigia kura. Baraza la juu hakuna mwananchi anayempigia mtu kura. Nilipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wengi waliokuwa na haki ya kukaa humo waliirithi kwa baba zao, kama mtu anavyorithi shamba. Wengine, wanaume na wanawake, waliteuliwa kwa maisha yao yote kwa sababu ya kazi waliyoifanya huko nyuma. Wanawake waliruhusiwa kuingia humo nikiwa mtoto Songea, kwa hiyo si kwamba walikuwa kitu kipya. Ila walikuwa wachache, na uchache wao mimi niliuona mahali ambapo waandishi wa habari hawafiki, kwenye reli ya kutundikia nguo.

Mtu anapoingia kwenye baraza hilo kwa mara ya kwanza, huvaa joho jekundu la sufu, zito kama blanketi la jeshi. Lina kola ya manyoya meupe, mikanda ya manyoya ubavuni kuonyesha cheo, na utepe mweusi wa kufungia mbele. Hulivaa tena siku ya kufungua Bunge, wakati Malkia au Mfalme anapokuja kusoma hotuba. Karakana yetu ilishona majoho hayo na kuyakodisha pia. Reli ya kukodisha ilienda kutoka mlangoni mpaka dirishani, na kila joho lililoning'inia pale lilikatwa kwa mabega ya mwanaume. Mkiniuliza ya wanawake yalikuwa wapi, yalikuwa ni hayo hayo, yamepunguzwa urefu.

Kitu pekee kilichokuwa chao wenyewe ni kofia. Zao zilikuwa za pembe tatu, zikikaa ndani ya sanduku moja juu ya kabati. Wakati ule sherehe ya kuingia ilikuwa na kofia. Mgeni anapiga magoti mbele ya kiongozi wa baraza, anainuka, anaapa, anapelekwa kwenye kiti, anakaa, anasimama, anakaa tena, na kila akisimama wanaume wanavua kofia kutoa heshima. Wanawake hawakuvua. Nilimuuliza Mzee Jayanti kwa nini. Akasema ni kwa heshima. Nikamuuliza heshima ya nani kwa nani. Akasema nishone.

Huyu Mzee Jayanti ndiye aliyenilea kazini, kwa hiyo lazima mmjue. Alizaliwa Tanga, dukani kwa baba yake, nyuma ya cherehani. Alikuja London miaka ya sabini na familia yake, akakaa Kenton, na nilipomkuta alikuwa mkataji mkuu wa karakana, mtu mwembamba mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatia. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimekaa kimya nikiogopa, natafuta jinsi ya kuomba mkasi kwa Kiingereza. Akaniangalia, akaangalia jina langu kwenye kadi, akaniambia kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mama, mkasi uko mbele yako, tatizo ni macho au ni safari?"

Kuanzia siku hiyo karakana ilikuwa na lugha mbili. Bosi wetu, Mwingereza mpole aliyependa amani kuliko kitu chochote, alizoea kutusikia tukibishana huko juu ghorofani bila kujua tunabishania nini. Mzee aliniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu. Alinicheka kila siku kwa Kiswahili changu cha bara. Nikisema neno kwa namna ya Songea, analirudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi usiomuingia. Nami nilimcheka kwa chai yake, iliyokuwa na sukari ya kutosha kutengenezea jamu.

Alinifundisha mengi. Kwamba sufu nene hupigwa pasi kwa kubonyeza, si kwa kuburuta. Kwamba manyoya hayakatwi kwa mkasi, hukatwa upande wa ngozi kwa wembe, kidogo kidogo, ili nywele zenyewe zisiguswe. Kwamba ukitoboa kidole juu ya manyoya meupe unaondoa kidole kwanza ndipo unalia. Kastabini ya kukinga kidole aliyonipa bado ninayo.

Alikuwa na desturi moja aliyoileta kutoka Tanga. Hakumpima mwanamke. Dukani kwa baba yake wanawake walipimwa na mama yake nyuma ya pazia, na mama alipokuwa hayupo, mteja aliambiwa alete nguo inayomkaa vizuri, ikapimwa nguo. Mama zenu wanajua. Mpaka leo ukienda kwa fundi kule nyumbani, jambo la kwanza anakuuliza kama umekuja na nguo ya kipimo. Mzee Jayanti aliivusha desturi hiyo bahari na kuiweka katikati ya London. Kwa wale wanawake wachache waliokuja kushonewa joho lao, bosi aliwaomba waache kwenye kaunta ya chini koti wanalojisikia vizuri wakilivaa. Koti likapandishwa juu, Mzee akalitandaza mezani na kulipima kila upande, na mwenye koti hakumuona mpaka siku ya kujaribu. Wengi walipenda hivyo. Hakuna mtu aliyewagusa, hakuna aliyewauliza uzito wao.

Ndivyo lilivyokuja koti la Bi Edna.

Bi Edna alikuwa mkunga. Maisha yake yote alizalisha akina mama mashariki mwa London, na alipostaafu akaanza kupigia kelele wakubwa kuhusu nyumba za kulelea wazee, mpaka wakubwa walipoona afadhali apige kelele hizo akiwa ndani. Akateuliwa. Hakutaka joho la kukodi. Alimwambia bosi kwenye simu kwamba ameyanusa, na yananuka sigara za watu waliokufa.

Koti lake lilikuwa la sufu ya kijivu, zito, limechakaa mikononi lakini limetunzwa. Mzee alilitandaza, akavaa miwani ya kukatia, akapima mabega, akapima tena.

"Huyu mama ni mkubwa," akasema.

Akageuza upande. "Halafu vifungo viko upande wa kiume."

Sasa mkumbuke miaka ile. Wanawake wa mji huu walivaa makoti yenye mabega mapana kama ya wacheza ndondi, na madukani nguo za kike zilikatwa kiume kwa makusudi. Nikacheka, nikamwambia ndiyo mtindo. Akasema mtindo wa Kiingereza haujawahi kumsaidia mtu, kisha akakata. Naye akikata alikuwa mwaminifu kwa nguo ya kipimo kama mhunzi anayechonga ufunguo. Hata mfuko wa ndani wa kushoto, ambao joho halinao, aliunakili, akisema kama mteja kazoea mfuko mahali fulani, mkono wake utautafuta.

Alhamisi Bi Edna akaja kujaribu. Sherehe yake ilikuwa Jumanne.

Nikasikia hatua kwenye ngazi, nikageuka, nikamuona mwanamke mdogo, nywele nyeupe, anayefika kwenye sikio langu, na mimi mwenyewe mnaniona jinsi nilivyo mfupi. Nyuma yake alikuwa bosi. Nilitazama nyuma ya bosi nikitegemea kuona mtu mwingine.

Tukamvisha. Joho lilimmeza. Mabega yalishuka mpaka viwikoni, kola ikakaa mgongoni, utepe ukamkaba koo, na pindo likalala sakafuni pande zote kama pazia lililoanguka. Mzee Jayanti, aliyekuwa na desturi ya kubaki pembeni kwenye kazi za wanawake, alirudi nyuma polepole mpaka reli ya majoho ikamficha.

Bi Edna akajitazama kwenye kioo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hili ni la Stan."

Stan alikuwa mumewe, mfanyakazi wa reli za treni, mrefu na mpana. Alifariki miaka michache kabla. Tangu hapo Bi Edna alikuwa akivaa koti lake kila baridi, na alipoambiwa alete koti analojisikia vizuri akilivaa, hakuwa na jingine la kuleta. Hakuna aliyemuuliza la nani. Tulimshonea marehemu joho zuri sana.

Bosi, kwa kupenda amani, akasema jambo ambalo aliona ni rahisi. Bi Edna atachukua joho la kukodi, dogo kuliko yote, tutalishikiza kwa pini ndani, na hakuna atakayejua.

Bi Edna akavua lile joho, akaliweka vizuri kwenye kiti, akatueleza kwa nini hapana. Alikuwa na rafiki, mwalimu, aliyeteuliwa kabla yake. Mwalimu yule aliingia na joho la kukodi lililopigwa pini. Alipopiga magoti ilikuwa sawa. Alipoinuka alikanyaga pindo lake mwenyewe, akayumba, kofia ikamshukia machoni, na baadhi ya waheshimiwa wakacheka, si kwa ubaya, ila walicheka.

"Alifundisha watoto kusoma maisha yake yote," Bi Edna akasema. "Kesho yake gazeti likaandika habari ya pindo. Mpaka leo akisimama kuzungumza mle ndani, watu wanalikumbuka pindo. Wakunga wenzangu watakuja kukaa juu kunitazama. Nina mambo ya kusema kule kuhusu wazee wanaoachwa wamelowa vitandani, na nataka nisikilizwe. Sitaanza kwa kuchekwa."

Basi mnaona jambo lilivyokuwa. Kwetu lilikuwa joho lililokosewa. Kwake lilikuwa suala la kama maneno yake yatasikilizwa au hayatasikilizwa, na siku ni Jumanne.

Nikasikia sauti kutoka nyuma ya reli, kwa Kiswahili. "Mama Neema. Chukua tepu."

Nikamjibu kwamba mimi mshonaji, mkataji ni yeye.

"Chukua. Mimi nitatazama ukutani. Wewe unapima, unanitajia, naandika."

Na ndivyo tulivyofanya. Mzee alitoka nyuma ya majoho huku uso umegeukia upande mwingine, akaenda kusimama mbele ya ubao wetu wa kazi na kipande cha chaki, mgongo kwetu. Nikaanza. Bega. Nikasema namba. Kifua. Namba. Kutoka shingoni mpaka sakafuni, mbele, kisha nyuma. Bi Edna akauliza ninasema nini. Nikamwambia ninamtajia yule bwana aliye ukutani. Akasema amezalisha watoto mbele ya waume waliotazama ukutani hivyo hivyo, na wote walikuwa watu wazuri.

Nilipomaliza nikaanza kukunja tepu. Yeye akasema bado. Akaniuliza kama tuna kitu cha kupigia magoti. Nikamwekea ule mto. Akashuka, akapiga magoti, akaniambia nipime hivyo. Alisema ukimpima mama mjamzito akiwa amelala hujui chochote kuhusu jinsi atakavyotembea. Nikapima. Akainuka, nikaona kwa macho yangu jambo ambalo tulikuwa tumelishona miaka yote bila kuliona.

Hapa ndipo nataka mweke kalamu tayari.

Joho la kiume linaning'inia kwenye mabega mapana. Mabega yanabeba uzito wote. Ukilipunguza urefu tu na kumvika mwanamke mwenye mabega membamba, uzito unakimbilia nyuma. Nguo inateleza mgongoni, mbele inapanda, utepe unakaba. Mvaaji analivuta mbele kwa mikono, na anapopiga magoti ule mvuto unaisha, kitambaa cha mbele kinalala sakafuni, anainuka na kukikanyaga. Yule mwalimu hakujikwaa kwa uzembe. Joho lilimwangusha. Dawa haiko kwenye pindo. Unaondoa upana juu, begani, unausogeza mshono wa bega mbele kidogo ili uzito ugawanyike, na ukishafanya hivyo ndipo unafupisha, mbele zaidi kuliko nyuma. Mkiona nguo inasumbua chini, angalieni kwanza juu.

Mzee alisikia namba za magoti, akaziandika, akazilinganisha na zile za kusimama. Kisha akasema, bado akitazama ukuta, "Mama Neema, hii karatasi yetu tunayoifuata tukikata majoho ya wanawake si ya wanawake."

Nikamwambia ndiyo naona.

"Baba yangu angenipiga."

Kitambaa kipya cha kukata tena hakikuwepo kabla ya Jumanne. Ilibidi tulifumue lile lile. Ijumaa tuliondoa bitana, kile kitambaa cha ndani, tukaondoa kola, tukatoa mikanda ya manyoya mshono mmoja mmoja. Mikanda ndiyo iliyokuwa hatari, maana ukifupisha joho lazima mikanda ihamie mahali papya, na manyoya yakishapasuka hayashoneki yakasahaulika. Mzee alikata, mimi nikashikiza. Jumamosi mke wake akatuletea chakula kutoka Kenton, akatukuta tunagombana kuhusu bega la kushoto, akasema kwamba miaka yote alidhani mumewe huenda kazini. Jumatatu asubuhi Bi Edna akarudi kujaribu. Likamkaa. Alipiga magoti, akainuka, akakaa, akasimama, akatembea mpaka dirishani na kurudi, na pindo lilimfuata bila kumgusa kiatu.

Ulibaki ule mfuko. Nilipofungua bitana nilikuwa nimeupunguza na kuurudisha kwa uzi wa muda tu, kwa sababu joho rasmi halina mfuko na nilitaka kumuuliza bosi kwanza. Nikaanza kumweleza Bi Edna kwamba umeingia kwa makosa, umetoka kwenye lile koti, tutautoa sasa hivi. Wakati nazungumza mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani.

Hakuutoa haraka.

"Stan aliweka peremende hapa," akasema. "Uacheni."

Nikaushona upya, kwa uzi wa hariri.

Kwa Jumanne hiyo Bi Edna alituombea nafasi mbili juu, kwenye viti vya watazamaji, pamoja na wakunga wake. Mzee Jayanti alivaa suti aliyojishonea kwa harusi ya mwanawe, akakaa wima kama anapigwa picha. Mimi sikuona dhahabu wala michoro ya ukumbi ule ambayo watu huja kutoka mbali kuitazama. Nilitazama sakafu. Bi Edna aliingia katikati ya wadhamini wake wawili, wajumbe wa baraza waliomsindikiza, mdogo, mwekundu, ametulia. Akapiga magoti. Akainuka kama mtu anavyoinuka kutoka kwenye kiti chake nyumbani. Akaapa kwa sauti iliyofika mpaka kwetu. Wanaume wakavua kofia zao, yake ikabaki kichwani, na alipokaa mara ya mwisho nilimuona anaingiza mkono wa kushoto upande mwingine, akakosea, akacheka peke yake, akaingiza wa kulia kwenye mfuko wa kushoto, akatoa kitu na kukiweka mdomoni.

"Peremende," Mzee akaninong'oneza. Macho yake yalikuwa yamelowa, akasema ni kwa sababu ya kiyoyozi.

Kesho yake alinunua magazeti matatu kituoni Kenton, akayasoma yote ndani ya treni, na akafika kazini akiwa ameyakunja chini ya kwapa. Moja liliandika habari ya Bi Edna, kwamba mkunga ameingia barazani na anataka kuzungumzia wazee. Alilitandaza mezani, akanionyesha kwa kidole mstari kwa mstari.

"Soma," akasema. "Hamna neno hata moja la nguo."

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kupata, na alinunua samosa za karakana nzima.

Neema wangu alikuwa sekondari wakati ule. Nilipomsimulia, alinijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake na kama ilivyo kawaida yenu, kwamba haoni la kufurahia. Hakuna aliyempigia kura huyo mama, akasema, wala hao mabwana wengine, na kumshonea nguo nzuri hakubadilishi hilo. Sikumkemea. Nyie pia mkiniuliza hivyo sitawakemea, ni swali zuri, na siku mkipiga kura mtaendelea kuliuliza. Nilimwambia tu kwamba sheria za nyumba za wazee zinapita mle ndani tukitaka tusitake. Bibi wa rafiki yake, anayelala kwenye nyumba kama hizo, zinamhusu. Afadhali mle ndani awepo mtu aliyewahi kubadilisha shuka. Neema akasema basi wawe wengi. Nikamwambia hapo tumekubaliana.

Wakawa wengi, polepole. Mzee alichora karatasi mpya ya kukatia kutokana na zile namba za chaki, akaitundika kwenye msumari karibu na dirisha, safi, imenyooka, na kwa muda ilikaa pale bila kushushwa mara nyingi. Za wanaume zilikuwa pembeni yake, zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwa. Kisha mwishoni mwa miaka ya tisini mambo yakabadilika. Sherehe ikapunguzwa, kofia na kupiga magoti vikaondoka, na lile sanduku la kofia za pembe tatu likashushwa kabatini. Wengi wa waliorithi viti wakatolewa. Walioteuliwa wakaongezeka, na miongoni mwao wanawake: madaktari, walimu, mwanasheria mmoja aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni mwa msaidizi wake, mama mmoja wa kiti cha magurudumu ambaye tulimpima akiwa ameketi tu, kwa sababu hivyo ndivyo angekuwa. Mimi nikawa mpimaji. Miaka ya elfu mbili ikiwa imeshasonga, baraza lile likaanza kuchagua spika wake lenyewe, na wa kwanza kuchaguliwa akawa mwanamke. Nusu hawajafika, msije mkadhani wamefika. Lakini mimi sikuhitaji kuhesabu vichwa. Nilitazama ule msumari.

Mzee Jayanti alistaafu kabla yangu. Siku moja, mimi nikiwa karibu na zamu yangu ya kustaafu, alikuja kutusalimu, akapanda ngazi kwa kupumzika njiani, akaomba aione karatasi yake. Nikaishusha. Kingo zimelika, mikunjo imepasuka na kubandikwa gundi juu ya gundi, matundu ya pini yamejaa mpaka mwanga ulipita. Akaivua miwani moja, akavaa nyingine, akaishika kwa vidole viwili.

"Imekufa," akasema. "Mmeiua nyinyi."

Nikamwambia tumeiua wenyewe, kwa kazi.

Tulichora nyingine siku ile ile, yeye akishika rula, mimi penseli. Tulipofika kifuani upande wa kushoto, penseli yangu ikasimama. Kwa muda wote huo nilikuwa nimeuweka ule mfuko kwenye kila joho la mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyeniomba niutoe. Nikamuuliza kama tuuchore tena au tuukumbuke tu.

"Chora," akasema. "Sisi tutakufa, na atakayekuja hatamjua Stan."

Kwa hiyo siku ya kufungua Bunge mkiwasha televisheni, msibadilishe chaneli haraka. Kamera ikipita kwenye zile safu nyekundu, watafuteni wanawake, sasa si kazi ngumu. Hotuba huwa ndefu. Mkisubiri kidogo mtamuona mmoja anaingiza mkono wa kulia ndani ya joho, upande wa kushoto, polepole ili asionekane, anatafuta leso au miwani au peremende. Mkono unajua pa kwenda. Basi mjue ni koti la bwana mmoja wa reli, alilokosea fundi wa Tanga.